KIJANA, NAHODHA WAKO NI NANI?



Kijana mpendwa, usiitupe karatasi hii. Usifungie karanga. Umepewa bure, lakini neno lililomo ndani linahusu roho yako. Isome mpaka mwisho, hata kama hujawahi kuingia kanisani, hata kama mara ya mwisho uliingia kwa sababu ya msiba. Mimi jina lako silijui. Mungu analijua.

Leo nataka tuongee habari za uvuvi. Ndiyo, uvuvi! Wewe unayekaa Kyela mjini, Ipinda, Mwaya, Itungi au Matema, mambo haya umekua nayo. Na wewe uliyekuja kununua kakao na mchele, au unapita tu kwenda mpakani Kasumulu, kaa hapo kidogo usikilize. Utaelewa.

KUMTAFUTA SAMAKI MKUBWA

Duniani kuna watu wanasafiri mbali sana kumtafuta samaki mmoja tu. Kule Marekani, katika jimbo la Alaska, yuko samaki anaitwa samoni mfalme. Mwaka 1985, katika mto Kenai, alivuliwa mmoja mwenye kilo 44. Hebu fikiri, samaki mmoja anakaribia uzito wa nusu gunia! Watu wanapanda ndege, wanakodi boti pamoja na mwenyewe anayeyajua maji yale, wanatoa fedha nyingi ili wapelekwe alipo.

Na sisi huku tunaye wa kwetu. Mbasa! Samaki anayeng'aa kama fedha, ana mbio, anawinda usipa. Hafiki kilo 44, hapana, akifika kilo 3 au 4 huyo ni mkubwa kwelikweli. Wenzetu wa Malawi wanamwita mpasa, na Wazungu waliokaa kule walimpa jina la samoni wa ziwa. Kwa nini? Kwa sababu tabia yake ni ile ile. Anaishi kwenye maji makubwa, lakini mvua zikinyesha na mito ikajaa, anaacha ziwa anapanda mtoni kwenda kutaga mayai. Kule Malawi wageni huenda mpaka mto Bua, ndani ya hifadhi ya Nkhotakota, kumvua kwa ndoano.

Sasa tuseme na wewe umemtamani. Umetoka mjini, una hela mfukoni, umefika Matema, unamtaka mbasa. Utafanyaje? Utachukua mtumbwi wowote uusukume majini? Thubutu! Utatafuta mtu. Utauliza pale mchangani, "Jamani, nani analijua ziwa hili?" Watakuonyesha mzee mmoja, suruali imekunjwa mpaka magotini, mikono ina sugu za kasia. Cheti hana. Simu yake ni ya kitochi. Lakini utamwamkia kwa adabu, "Shikamoo, tata," utapatana naye bei, na ukishaingia kwenye mtumbwi wake ujanja wako wa mjini umekwisha. Akisema kaa, unakaa. Akisema usisimame, husimami. Akisema leo hatuendi, basi hamuendi, hata kama hela umeshatoa!

Ajabu gani hii! Kwa ajili ya samaki wa kilo 3 unatafuta mtu wa kukuongoza, unamtii, unamlipa. Kwa ajili ya maisha yako yote unakwenda peke yako!

Nakuuliza, kijana: Nahodha wako ni nani?

Usijibu haraka. Tazama kwanza nahodha anajua nini ambacho wewe hukijui.

1. NAHODHA ANAJUA UPEPO

Wewe ukitazama ziwa alfajiri unaona kioo. Maji yametulia, unasema leo safari. Mzee hatazami hapo. Yeye anatazama kusini. Anatazama wingu, anasikiliza wimbi linavyopiga mchanga, halafu anakuambia, "Mwera unakuja."

Mwera hauna mzaha. Miezi ya kuanzia Mei mpaka Agosti unavuma kwa nguvu kutoka kusini, na ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 500. Upepo unasukuma maji urefu wote huo, mawimbi yanakua njiani, na mwisho wa ziwa ni wapi? Ni hapa kwetu! Wimbi lililoanza dogo mbali kabisa huko, likifika Kyela ni ukuta.

Mwezi Julai 1946 meli moja ilizama katika sehemu ya kaskazini ya ziwa hili, upande wa Nyasaland, nchi ambayo sasa ni Malawi, karibu na Chilumba. Meli hiyo iliitwa Vipya. Na kweli ilikuwa mpya, safari zake zilikuwa bado za kuhesabika. Haukuwa mtumbwi wa kuchonga, ilikuwa meli ya chuma! Ilikutana na dhoruba, ikapinduka, watu 145 wakafa. Walikuwa watu kama wewe, wana mizigo yao, wana watu wanaowangoja bandarini. Asubuhi walipanda, wakaaga, wakasema tutaonana.

Kijana, upya hauokoi. Usiniambie, "Mimi bado mpya, nina nguvu, nina miaka 19." Vipya nayo ilikuwa mpya! Upepo hauulizi umri. Ajali ya bodaboda haiulizi umri. Pale makaburini wanalala wazee tu? Wewe mwenyewe umeshika koleo mara ngapi kuwazika wenzako mliosoma darasa moja?

2. NAHODHA ANAJUA KINA

Ukitoka Matema kuelekea Ikombe kwa Wakisi wanaofinyanga vyungu, tazama upande wa mlima. Milima ya Livingstone imeshuka moja kwa moja mpaka majini. Hakuna ufuko wa kutembea taratibu. Hatua chache kutoka kwenye mwamba, mguu hauoni chini.

Wataalamu wamelipima ziwa hili. Penye kina kirefu linafika mita 700 hivi. Na wamegundua jambo la kutisha. Kuanzia kama mita 250 kwenda chini, maji yale hayana hewa. Mbasa hawezi kuishi huko. Usipa hawezi. Juu maji ni ya bluu, mazuri, wageni wanapiga picha. Chini ni giza na hakuna pumzi. Ziwa ni lile lile moja!

Dhambi ndivyo ilivyo. Juu ina rangi nzuri. Hakuna mtu aliyeamka siku moja akasema, "Leo naanza kuwa mlevi." Alionjeshwa tu kimpumu na wenzake, mrija mmoja, wakacheka. Hakuna aliyesema, "Nataka kuuza redio ya mama yangu nikabeti." Alianza na shilingi 500, akashinda elfu 3, akasema huu ndio mchongo. Leo msimu wa kakao ukiisha hana hata ndala, anadaiwa mpaka na muuza chipsi. Hakuna binti aliyesema, "Nataka kuhangaishwa na wanaume wa mpakani." Alinunuliwa simu. Simu tu!

Nawe uliyepimwa ukakutwa na virusi vya UKIMWI, karatasi hii ni yako pia. Usidhani umeshafika chini kabisa. Usiache kumeza dawa zako, nenda kliniki kama walivyokuagiza. Na mje Yesu, kwa maana yeye hakimbii mtu.

Lakini sikia, kijana. Shetani hatakuonyesha kina. Atakuonyesha rangi ya bluu. Kazi ya nahodha mwema ni kukuambia, "Mwanangu, hapo usiruke." Ukimchukia kwa sababu amekukataza, umemchukia aliyetaka kukuokoa.

3. NAHODHA ANAIJUA NJIA YA SAMAKI

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Mbasa amenifundisha mambo mawili.

La kwanza: mbasa anapanda. Mto ukifurika, kila kitu kinashuka. Magogo yanashuka, takataka zinashuka, ndala iliyokatika inashuka, kuku aliyekufa anashuka. Kila kisicho na uhai kinafuata maji! Mbasa peke yake na wenzake wanakwenda kinyume, wanapiga mkia, wanapanda kutafuta maji safi yanayopita juu ya kokoto, mahali ambapo mayai yao yatapata hewa na kuanguliwa. Akifuata maji atapata raha, lakini hataacha kizazi.

Wewe unafuata maji? Wenzako wakienda disko unakwenda. Wakitukana unatukana. Wakivuta unavuta. Ukiulizwa kwa nini, unasema, "Si ndiyo vijana wote wanafanya hivyo?" Ndugu yangu, hiyo ni dalili ya kutokuwa na uhai! Kufuata mkondo hakuhitaji nguvu. Hata gogo linaweza. Ukitaka kujua kama uko hai, jaribu kugeuka. Jaribu leo jioni kusema HAPANA neno moja tu mbele ya rafiki zako. Utaona mto una nguvu kiasi gani. Na hapo utajua unahitaji nguvu isiyo yako, nguvu ya Roho Mtakatifu.

La pili, na hili lishike sana: mbasa anategwa mlangoni. Muda wote akiwa katikati ya ziwa kumpata ni kazi. Lakini siku anapokusanyika kwenye mdomo wa mto ili apande, watu wanajua. Wanatandaza nyavu pale pale, wengine wanaziba mto ng'ambo hadi ng'ambo, wengine wanakuja na kokoro na vyandarua ambavyo sheria imekataza. Mbasa anakamatwa na mayai yake tumboni. Ndiyo maana amepungua hata wataalamu wa dunia wamemwandika miongoni mwa samaki walio hatarini kutoweka. Anauawa saa ile ile aliyoamua kwenda kuleta uhai!

Umeona hila ya adui? Muda wote unapozurura shetani hana shida na wewe. Siku unaposema, "Nataka kubadilika," ndipo nyavu zinatandazwa. Wiki hiyo hiyo rafiki uliyekuwa humwoni anakuja na bia ya bure. Wiki hiyo hiyo yule binti anakutumia ujumbe. Wiki hiyo hiyo mkeka unatiki! Unasema, "Ah, labda wokovu si wa kwangu." Hapana! Hizo ni nyavu za mlangoni. Ukiziona, ujue umeukaribia mto. Usirudi nyuma. Piga kelele, "Yesu, nisaidie!" Anasikia.

NAHODHA HUYO NI YESU

Sasa fungua Biblia, Injili ya Luka sura ya 5. Kama huna, azima. Utamkuta mvuvi anaitwa Petro. Ziwa la Galilaya lina urefu wa kilomita 21 tu hivi. Ukiliweka kando ya ziwa letu ni kama kidimbwi. Petro alilijua ziwa lile kama unavyoijua sebule ya mama yako. Usiku kucha alivua, hakupata hata mmoja. Asubuhi anaosha nyavu, amechoka, ana hasira. Wewe mvuvi wa usipa unaijua asubuhi ya namna hiyo: umekesha na taa, umerudi na maji kwenye mtumbwi.

Akaja Yesu. Hakuwa mvuvi, alikuwa fundi seremala wa Nazareti. Akaingia kwenye chombo cha Petro, akamwambia wasogee kilindini washushe nyavu. Ungekuwa wewe ungesema nini? "We fundi, kapige randa mbao zako!" Petro naye alieleza kwamba wamehangaika usiku mzima bure. Lakini akatii kwa sababu ya neno la Yesu. Nyavu zikajaa mpaka zikaanza kukatika, wakawapungia wenzao waje kusaidia, vyombo viwili vikajaa.

Basi, Petro akafurahi akaenda kuuza? Hapana! Akaanguka magotini pa Yesu, akakiri kwamba yeye ni mwenye dhambi. Kwa nini? Kwa sababu siku ile mwenye chombo alimpata mwenye ziwa. Yule aliyewaongoza wengine alijua kwamba naye anahitaji kuongozwa.

Hata mzee wa Matema, pamoja na ujuzi wake wote, anaweza kukurudisha mchangani jioni. Ashukuriwe kwa hilo. Lakini kuna maji hawezi kukuvusha. Mauti hawezi kukuvusha. Hajawahi kwenda akarudi. Yesu peke yake aliingia kaburini, siku ya tatu akatoka! Yeye ndiye anayeijua ng'ambo. Haleluya!

Na nauli? Wa Alaska wanalipa. Wa Matema unapatana bei. Huyu hadai hata senti tano. Yeye ndiye aliyelipa, tena kwa damu yake pale msalabani, kwa ajili ya dhambi zako: zile zinazojulikana na zile ambazo hata mama yako hazijui.

Sikudanganyi kwamba ukiokoka mtumbwi wako utajaa kila siku, au kakao yako itapanda bei. Soma Marko sura ya 4. Wanafunzi walikuwa na Yesu chomboni, na bado dhoruba ilikuja, maji yakaingia. Tofauti ni moja: hawakuwa peke yao. Yesu alisimama akakemea upepo, ukatulia shwari. Dhoruba inawapata waliookoka na wasiookoka. Swali ni nani yumo chomboni mwako inapokuja.

UTASEMA...

Utasema, "Mimi bado kijana, acha nile maisha kwanza, nitaokoka nikizeeka." Nikurudishe kwa samoni mfalme. Yule hupanda mto mara moja tu, anazaa, anakufa. Hana safari ya pili. Na Biblia katika Waebrania sura ya 9 inatufundisha kwamba mwanadamu hufa mara moja, baada ya hapo ni hukumu. Mto wa maisha hupandi mara mbili. Hakuna kurudi ziwani kujipanga upya.

Utasema, "Dhambi zangu ni nyingi mno." Je, nyavu zilizokatika Yesu alizitupa? Aliwaita wale wale wavuvi, na mikono yao ile ile inayonuka samaki, akawafanya mitume.

Utasema, "Walokole wenyewe wanafiki." Labda umemwona mmoja. Lakini kwa sababu nahodha mmoja ni mlevi, utakataa kuvushwa na manahodha wote mpaka ufie ng'ambo? Usimtazame mlokole. Mtazame Yesu.

Utasema, "Nyumbani watanifukuza." Yesu aliye msaada wako ni mkubwa kuliko ukali wa nyumbani. Waheshimu wazazi wako, fanya kazi kuliko zamani, usijibizane. Wakiona humwibii tena mama mchele kwenye debe, wenyewe watauliza kimetokea nini.

LEO NI SIKU YAKO

Wazee wetu wa Kinyakyusa walilijua jina la Kyala kabla vitabu havijafika ufukweni hapa. Kyala huyo amemtuma Mwanawe. Anakujua. Alikuona usiku ule. Anataka kukusamehe SASA, si kesho.

Hapo ulipo, kwenye kijiwe cha bodaboda, chini ya mkakao, mchangani, kitandani, unaweza kuomba. Si lazima ujue maneno makubwa. Omba hivi kwa sauti, na umaanishe:

"Bwana Yesu, nimekwenda peke yangu na nimepotea. Nimefuata maji yanakoshuka. Mimi ni mwenye dhambi. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisafishe kwa damu yako. Ingia katika maisha yangu, ushike kasia, mimi nitakaa unaponiambia nikae. Nipe Roho wako Mtakatifu nipande kinyume cha mkondo. Kuanzia leo wewe ndiwe Nahodha wangu. Amina."

Kama umeomba sala hii kwa moyo wako wote, umeokoka! Mbinguni wanashangilia. Sasa fanya haya:

1. Mwambie mtu leo leo. Usifiche. Mbasa hapandi kwa kujificha.

2. Rudisha kilicho cha watu. Kama ni wavu wa jirani, urudishe usiku huu. Kama ni deni, nenda ukaseme utalipa lini.

3. Futa zile namba. Unazijua.

4. Soma Injili ya Luka, sura moja kila siku, na uombe asubuhi kabla hujashika simu.

5. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu karibu na kwako. Mbasa wanapanda kwa makundi, anayepanda peke yake hachelewi kunaswa. Mwone aliyekupa karatasi hii, atakuelekeza. Njoo mkutanoni jioni, njoo na nguo ulizovaa, usingoje viatu.

Na kama hukuomba, sikulazimishi. Ikunje karatasi, iweke mfukoni. Lakini usiku ukiwa umelala na usingizi hauji, na unausikia upepo juu ya bati, jiulize tena swali hili moja: Nahodha wangu ni nani?

Yesu anaokoa! Yesu anaponya! Yesu anarudi!

UKISHASOMA, MPE NA MWENZAKO.